Chumba cha Mwisho Kando ya Mlango

Shangazi yangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama, hata padri kwenye kitubio. Picha ya mwisho katika jiko lako nimeichora mimi. Nimeichora juzi, mchana, mlango nimeufunga, kwa ule weusi wako wa betri zilizosagwa na chokaa iliyokuwa imebaki kibuyuni. Nitakuambia nilichora nini, lakini utangoja. Mimi pia nimengoja. Kwanza nina hasira na wewe, na nataka uisikie yote.

Najua hujui kusoma. Kwa hiyo sasa hivi kuna mtu amekaa karibu nawe anakusomea maneno haya kwa sauti, na mimi mtu huyo simjui. Hilo ndilo lililonizuia nisiandike tangu uondoke. Unanijua. Wageni wakija kwetu nilikuwa najificha nyuma ya ghala mpaka waage, na mama akisema mimi nitaolewa na ghala. Lakini hasira imeishinda haya. Huyo anayesoma na asome.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponiingiza jikoni mwako? Ulikuwa umerudi kutoka kwa mume wako kwa sababu hukuzaa, na baba alikuwa amekupa ile nyumba ndogo ya duara iwe jiko lako, nyuma ya migomba, mahali ambapo mtu hafiki bila sababu. Ilikuwa karibu na Krismasi kama sasa. Kila mwanamke alikuwa na udongo na mavi ya ng'ombe mpaka kwenye viwiko, akikandika nyumba yake upya. Mama alichora maua mekundu ya udongo wa kichuguu. Mama Wandera, jirani yetu, alichora nyota na kuku. Wewe ulifunga mlango wako siku nyingi, na ulipoufungua uliniita mimi tu.

Ukutani hapakuwa na maua. Palikuwa na hadithi. Uliugawa ukuta kwa mistari ya kidole, vipande vikubwa na vidogo, ukaviita vyumba. Kila chumba kilikuwa na picha yake, nyeusi na nyeupe tu, na kingine kilikuwa cheusi kitupu chenye jicho moja. Nilianza kuangalia upande wa kushoto wa mlango kama nilivyofundishwa shuleni. Ulinishika mabega ukanigeuza.

"Vitabu vyako vinaanza huko," ulisema. "Ukuta wangu unaanza mkono wa kulia, pale mguu wako unapoingilia. Unazunguka nyumba yote, unarudi kutokea mkono wa kushoto."

"Na ukifika mlangoni?"

"Unatoka nje, binti. Au unabaki ndani. Shauri yako."

Nilicheka. Sikujua kwamba unasema kweli.

Chumba cha kwanza bibi mmoja anampa mjukuu wake ndizi iliyochomwa. Ndani ya ndizi kuna mbio. Kila mtu huku kwetu anajua kwamba mbio za usiku hurithiwa hivyo, kwa chakula, kutoka kwa mtu anayekupenda. Chumba cha pili msichana anaamka na miguu inamwasha, na asipokimbia ataugua. Basi anakuwa mwanamke anakimbia peke yake, nywele zimesimama, anatupa mchanga juu ya mapaa ya watu wakiwa wamelala, watu wanaamka wanamtukana. Hakuwa na jina. Ulisema hakuna aliyewahi kumwita, kwa hiyo jina lingekuwa la nini.

Halafu ulimleta Mauti. Mimi nilitegemea pembe na meno. Wewe ulimchora mgeni mrefu, mwenye adabu, miguu yake haigusi chini, na ulimpaka chokaa mwili mzima akawa mweupe kuliko kila kitu katika nyumba ile. Ulinieleza kwamba Mauti huingia tu katika nyumba ambayo watu wote wamelala fofofo. Akikuta mtu macho, anainamisha kichwa na kupita. Kwa hiyo mchanga wa yule mwanamke ulipowaamsha watu, Mauti alipita, na watu wakakaa kitandani wakimlaani mwanamke aliyewaokoa.

"Yeye anajua kwamba anawaokoa?" nilikuuliza.

"Siku nyingine."

"Na siku nyingine?"

Ulinionyesha chumba kinachofuata. Watoto wanalia kwa hofu ndani ya nyumba, na yeye nje anacheka, kinywa wazi, anafurahi. Niliogopa picha hiyo kuliko Mauti. Nilitaka uifute. Ulisema, "Mtu ambaye hasalimiwi mchana atafurahi hata kuogopwa."

Nilienda shule ya bweni kule Tororo na hadithi hiyo ndani yangu. Wasichana wa bweni walipojua jina langu walisema Nabwire, aliyezaliwa usiku, ni mtu wa usiku, msilale karibu naye. Walikuwa wanatania, wenyewe ni Wasamia na wana dada zao wanaoitwa Nabwire, lakini mimi sikuweza kutania. Nilikuwa nikitazama lile jabali la Tororo kupitia dirishani, nikimwona mwanamke wako juu yake amekaa, amechoka. Kila likizo nilishuka kwenye basi nikakimbia moja kwa moja nyuma ya migomba kabla ya kumsalimu mama, kuona umeongeza vyumba gani. Mama alinung'unika. "Huyu mtoto nakuja kwetu au nakuja kwa ukuta?"

Kuna likizo nilikukuta umeinama juu ya karai la maji, unatazama uso wako, unachora, unatazama tena. Uso wa mwanamke ulikuwa umeanza kuwa wako: pengo la meno ya mbele, alama ya kovu kwenye nyusi. Nilikuuliza kwa nini. Ulisema, bila kuinua kichwa, kwamba huo ndio uso pekee unaokubali kukaa mbele yako. Nilitaka kusema nitakaa mimi. Sikuweza, kama kawaida yangu. Lakini niliona umekiacha wazi kigoda cha pili kando ya karai, na nilikaa juu yake kimya mpaka jua likazama, na wewe hukunifukuza.

Sasa nafika mahali ambapo nakasirika.

Unakumbuka kisimani. Mama Wandera aliona umekuja na mtungi wako akawaambia wenzake, "Pisheni, pisheni, mwenye chungu kisichopikiwa amekuja kuteka." Wanawake wakacheka. Wewe ukasema, "Changu hakivuji, mama," wakacheka zaidi, hata yeye alicheka. Lakini njiani ulibana meno. Ulisema, "Iko siku yule atalala usingizi mzito." Nilisikia. Ni mimi tu niliyesikia, na sijawahi kumwambia mtu.

Baada ya hapo ukachora chumba cha miiba. Watu wa nyumba moja wametega miiba njiani, mwanamke amekanyaga, mguu umetoboka. Na baada ya miiba ukachora kile kingine: Mauti, mweupe, amesimama mbele ya mlango wa nyumba hiyohiyo ya wenye miiba. Ndani kuna mtoto. Mwanamke amesimama nyuma ya Mauti na mchanga mkononi, na kiganja chake kimefumbwa. Hakurusha wala hakumwaga. Kimefumbwa tu. Chumba kilichofuata, cha mwisho, kando ya mlango mkono wa kushoto, ulikiacha kitupu. Udongo mtupu.

"Atarusha?" nilikuuliza.

"Mwache kwanza afikiri," ulisema. "Wewe unapenda kumharakisha mtu wa watu."

Na katika likizo hiyo Egesa akafa. Mtoto wa mwisho wa Mama Wandera, yule aliyekuwa akija kulamba udongo chini ya ukuta wako mpaka midomo inakuwa myekundu, na wewe ukimfukuza kwa ufagio na kumpa kiazi papo hapo. Surua ilimkamata. Alfajiri hiyo watu waliokwenda mashambani mapema walikuona umesimama mbele ya mlango wa Mama Wandera, peke yako, mkono umefumbwa.

Nilikuwepo siku walipokuja. Walikaa uani kwa baba, wazee, Mama Wandera na dada zake waliomshikilia, na katekista katikati kwa sababu ndiye anayejua kusoma picha. Kule kanisani si wana ile karatasi kubwa ya picha inayotundikwa, yenye moyo mweusi wa mwenye dhambi na moyo mweupe wa mwenye neema? Yeye ndiye huieleza kwa fimbo. Basi wakamwingiza jikoni mwako, nasi wote tukabanana mlangoni, na akaanza kusoma ukuta wako.

Alianza kushoto!

Shangazi, alianza kushoto kama kitabu, akasoma hadithi yako yote kinyumenyume, na kinyumenyume ilileta maana. Alinyoosha fimbo kwenye Mauti. "Huyu mweupe ni malaika wa Bwana. Amesimama mlangoni kulinda mtoto. Huyu mweusi nyuma yake ni mchawi, ameficha dawa mkononi." Akasogea kwenye miiba. "Hapa Mungu amemwadhibu mguu." Kwenye kicheko: "Hakutubu. Anawacheka watoto." Kwenye mchanga juu ya mapaa: "Sasa anamrushia malaika, anamfukuza." Watu waliguna. Aliendelea hivyo akizunguka, fimbo ikikwaruza ukuta, mpaka akafika mwisho wake, ambao ni mwanzo wako: bibi na ndizi na msichana.

"Na hapa," alisema pole pole, "anamlisha mtoto wa kike. Anamrithisha."

Mtu mmoja akauliza, "Mtoto gani huyo?"

Wote walinigeukia mimi.

Nilisema. Nataka ujue kwamba nilisema. Nilisema, "Mwanzo ni huku." Ilikuwa sauti ndogo, najua, lakini ilitoka. Mama alinifinya mkono mpaka pakaota alama. Hakuna aliyesikia ila mama na wewe. Wewe ulisikia, kwa sababu ulinigeukia ukaniangalia. Ungesema neno moja tu! Ungesema, "Anza upande ule." Wangelazimika kurudia. Ulinitazama, halafu ukatazama chini.

Baba alikuuliza kwa upole, mimi nilikuwepo, kwa sababu wewe ni dada yake. "Dada, mlangoni kwa watu alfajiri ulikuwa nafanya nini?"

"Nilikuwa nimesimama."

"Mkononi ulishika nini?"

Na wewe ukasema, "Mchanga."

Kwa nini ulisema mchanga? Ungesema ugoro. Ungesema dawa ya macho. Ungesema hukushika kitu, waliokuona walikuwa mbali na kulikuwa na ukungu. Mama Wandera alipiga yowe nikafikiri kifua chake kimepasuka, na baba akafunika uso kwa mikono yote miwili, na pale pale nikajua umekwisha. Baba hakukufukuza kwa sababu ya Egesa. Alikufukuza kwa sababu yangu, kwa sababu ya msichana wa ile ndizi. Alisema, "Uchawi nitavumilia. Binti yangu sitampa." Nimebeba maneno hayo kama mzigo wa kuni mbichi.

Nina hasira na katekista, lakini kidogo, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kuna vitu havianzi kushoto. Nina hasira na waliocheka kisimani halafu wakalia mazishini. Nina hasira na baba ambaye sasa hataji jina lako, ananiita mbali na njia ya migomba kama mtu anayeita mbuzi. Lakini hasira kubwa ni juu yako. Wakati mwingine nafikiri ulinyamaza ili nisisikike, kwa sababu ningekutetea wangesema kweli nimerithi. Wakati mwingine nafikiri ulinyamaza kwa sababu hukuwa na la kujibu. Ulikwenda pale kumwamsha Mama Wandera ili mtoto wake apone, au ulikwenda kusimama uone atalala kiasi gani? Yote mawili naweza kuyaamini, na hilo ndilo linaloniudhi. Ungekuwa mwema ningekulilia kama watu wanavyolia. Ungekuwa mbaya ningekusahau.

Nilikusindikiza mpaka mpakani bila ruhusa. Ulibeba mkeka na vibuyu vya udongo, mimi nikakusaidia kimoja. Zamani tulikuwa tukivuka kwenda kwa ndugu zetu upande wa pili kama mtu anavyovuka ua wake. Siku hizi kuna bendera mbili na ubao uliolazwa barabarani, na askari wa forodha aliyesimama anatafuta cha kuuliza.

"Mama nakwenda wapi na mzigo yote hii?"

"Nakwenda upande huo."

"Kwa kibuyu iko nini?"

"Udongo."

Akachungulia. Akachovya kidole, akakinusa. "Kenya hapana udongo?"

"Upo. Si huu."

Alicheka, akawaita wenzake waje wamwone mama anayehamisha Uganda kwa kibuyu. Hata wewe ulitabasamu, pengo likaonekana. Niliwachukia wote kwa kucheka. Nilikushika kanga nikakuuliza swali ambalo lilikuwa linanichoma tangu mazishini. Sikukuuliza juu ya Egesa, sikuthubutu. Niliuliza juu ya ukuta.

"Shangazi, alirusha mchanga au hakurusha?"

"Wewe ungependa arushe?" ulijibu.

Ukachukua kibuyu changu, ukapita.

Ni swali gani hilo la kumwachia mtu! Nilirudi nalo nyumbani, nikaenda nalo shuleni, nikafanya nalo mitihani ya mwisho. Nilipomkumbuka Egesa na midomo yake myekundu nilisema arushe, arushe upesi. Nilipokumbuka chungu kisichopikiwa, na wanawake wakicheka, mkono wangu mwenyewe ulifumba chini ya dawati. Nilijiogopa. Nani mwingine shuleni alikuwa na hadithi ya kumfanya ajiogope? Hakuna. Na hakuna niliyeweza kumwambia, kwa sababu mtu pekee aliyeijua hadithi hiyo alikuwa amevuka ubao na vibuyu vyake.

Sasa nimemaliza shule. Niko nyumbani tu, nangoja wakubwa waamue mimi ni wa wapi. Kisimani wasichana hawanitukani, wananipisha tu. Wananipisha kwa heshima kabisa, na mimi nateka maji yangu haraka haraka mahali ambapo kila mtu huchelewa makusudi. Nimekuelewa zaidi hapo kisimani kuliko mahali pengine popote, na sikukuomba unifundishe hivyo.

Wiki iliyopita baba alisema jiko lako litawekwa pamba. Alimwambia mama, si mimi, "Nabwire akandike ile nyumba, pamba yangu hailali na mambo yale." Mama alinipa jembe na karai. Lilikuwa ni lile karai lako. Nilichimba udongo, nikachota mavi ya ng'ombe, nikakanyaga vizuri kama ulivyonifundisha, unyayo wote, si vidole. Nilianza kuziba mkono wa kulia, kwa bibi na ndizi. Nilikuwa nalia kwa hasira, na nilipofika kwenye kicheko cha yule mwanamke nilikizibia kwa nguvu, nikikipiga udongo kofi.

Nilikuwa nimebakiza Mauti na kiganja na kile chumba kitupu nilipoona kivuli mlangoni. Alikuwa Mama Wandera.

Amekonda, shangazi. Tangu alfajiri ile hajawahi kukanyaga njia yetu ya migomba. Hakuingia. Alisimama nje ameshika fremu ya mlango, anaangalia kila mahali ila ukutani.

"Nabwire."

"Naam, mama."

"Ile hadithi. Wewe si unaijua? Katika ile hadithi, yule mtoto alikufa?"

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwanamke huyu maisha yangu yote. Nilikuwa na maneno mengi ya kumpa, mazuri, niliyoyapanga kitandani. Badala yake nilisema ukweli. "Chumba hicho kitupu, mama. Shangazi hakukichora."

"Hakukichora?"

"Hapana."

Alikubali kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Halafu akasema, "Basi usikipake weusi," akaondoka. Hakuniaga.

Nilifunga mlango. Nilipasua betri za zamani za tochi ya baba, nikasaga weusi kwenye jiwe lako. Nilijaza karai maji nikaliweka chini, nikainama, nikajitazama. Unajua kwamba sipendi kujitazama. Nilijitazama hivyo hivyo.

Sikuchora mchanga ukirushwa. Sikuchora mtoto amekufa wala mtoto amepona. Sijui, shangazi, na wewe hukuniambia, na mimi si katekista wa kusema najua. Nilichora ndani ya nyumba. Nyumba hiyo ni ya yule mwanamke wako, ile ambayo hukuwahi kutuonyesha, kwa sababu kila chumba ulimchora nje. Kuna mafiga matatu na moto unawaka. Kando ya moto kuna msichana amekaa kwenye kigoda, macho wazi, hakusinzia. Ana uso wangu, umenitoka vibaya, pua kubwa, lakini ni wangu. Si husema huku kwetu kwamba mkimbiaji wa usiku hakimbii bila mwenzake anayebaki nyumbani akilinda moto mpaka arudi? Mwanamke wako hakuwa naye. Kwa hadithi nzima ulimnyima. Alikimbia, akaokoa watu, akawacheka watoto wao, akasimama na kiganja kimefumbwa, na hakukuwa na mtu hata mmoja nyumbani wa kumwuliza umekwenda wapi, umefanya nini, njoo ule. Mimi nina hasira naye, na nitamwuliza. Nataka anijibu akiwa amekaa, miguu kwenye moto. Kigoda cha pili nimekichora kitupu, na mlango nimeuacha wazi.

Na tena, wewe mwenyewe ulisema Mauti haingii kwenye nyumba yenye mtu macho.

Niliiacha ikauke. Nilikaa nayo mpaka nikasikia baba anakohoa kwenye migomba, ndipo nikachota udongo kwa viganja vyote viwili nikaanza kuifunika, pole pole, kuanzia kwenye moto. Uso wangu niliufunika mwisho. Baba aliposukuma mlango ukuta wote ulikuwa wa kijivu, mbichi, unang'aa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

Alipapasa ukuta kwa nyuma ya mkono. Aliugusa hapo hapo, kando ya mlango, mkono wa kushoto. "Umekandika vizuri," alisema. "Kama…" Hakumalizia. Lakini alikaribia kulitaja jina lako, nilimsikia. Mama alipoona kucha zangu nyeusi wakati wa chakula cha usiku aliniuliza nini hii, nikasema masizi ya chungu.

Kesho pamba inaingia. Barua hii nampa mama muuza vyungu anayevuka siku ya soko. Amesema alikuona upande huo ukiwakandikia watu maduka, maua mekundu tu, maua kila mahali. Usichore maua, shangazi. Nimekasirika, lakini usichore maua.

Na wewe unayemsomea, ambaye sikujui na sitakuona: umesikia kila kitu, hakuna jinsi. Umesikia juu ya usingizi mzito, juu ya mchanga, juu ya kiganja changu chini ya dawati. Kama utayaeleza hayo sokoni, yatavuka ubao kabla ya vyungu kurudi, na baba atauvunja ukuta ule kwa jembe kutafuta kilicho chini. Nakuomba, ukifika hapa ikunje, mpe mkononi, unyamaze. Tuwe watatu tu tunaojua kwamba nyuma ya pamba ya baba kuna moto unawaka na mtu hajalala.

Mimi, binti wa kaka yako,
Nabwire